Mashine Iliyokatiwa Bima kwa Bei ya Zamani

Mama Kabati hakuwahi kukiita chake kitu kilichotoka mkononi mwa mtu mwingine. Hiyo ndiyo kanuni aliyoishi nayo tangu baba yake alipomwachia karakana, na aliishika kwa ukaidi ambao wenzake mtaani waliuona ni aina fulani ya ugonjwa. Mteja akitaka meza na yeye hana, alivuka barabara, akaiazima kwa jirani, akaja nayo mwenyewe kichwani, akaitua mbele ya mteja na kusema bila kupepesa macho, "Hii si yangu. Mimi ningeipiga msasa zaidi hapa pembeni. Lakini ukiipenda, mwenyewe yule pale, kalipie kwake." Wateja walicheka. Majirani hawakucheka.

Mtaa ule ulikuwa wa fanicha mwanzo hadi mwisho: vitanda upande mmoja, makochi upande wa pili, na katikati ya yote harufu ya gundi na vanishi. Mafundi wake walikuwa na desturi waliyoiita kuvishana. Ukiuza vitu vingi kwa mpigo na duka lako likabaki jeupe, wenzako walikuvisha: huyu analeta kitanda, yule kochi, mwingine stuli mbili, ili mteja anayepita asidhani umefilisika. Ukijaliwa kutengeneza vingine, unawarudishia wenyewe vyao. Ilikuwa desturi njema, na Mama Kabati aliifuata kama wengine, ila kwa sharti lake lile la kumwambia kila mteja kipi ni cha nani.

Jina alilipata kutokana na makabati yake. Milango yake haikugonga wala kulia. Uliisukuma kwa kidole, ikajifunga kimyakimya. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye viganja vipana, na penseli yake iliishi ndani ya kilemba, juu ya sikio, kiasi kwamba siku akienda kwenye sherehe bila penseli watu walimwona kama hajavaa vizuri. Nyuma ya duka ndiko kulikokuwa na karakana yenyewe, na ndani ya karakana, imejengewa sakafuni kwa bolti nene, ilisimama mashine ya randa aliyoiacha baba. Chuma kitupu, kizito kama dhambi. Baba yake aliinunua wakati kiwanda kimoja kikifungwa, na mpaka anaingia kaburini alikuwa akiitaja bei aliyoinunulia jinsi wengine wanavyotaja nasaba zao. Mgeni akifika, kabla hajapewa kiti alishaambiwa bei ya mashine.

Habari ya bima aliianzisha binti yake, ambaye alikuwa mwalimu na hakupenda mchezo na maneno. Ghala la magodoro la mtaa wa pili lilikuwa limeungua, na mwenye ghala, mtu mzima mwenye heshima zake, sasa alikuwa ameajiriwa na wenzake kuwauzia magodoro yao.

"Mama, hii karakana ikiungua utaanzia wapi?"

"Nitaanzia nilipoanzia. Na nyundo."

"Wewe hukuanza na nyundo. Ulianza na karakana ya babu."

Binti alikuwa amempata Mama Kabati, maana kusema alianza na nyundo kulikuwa ni kujiita asivyokuwa, na hilo lilikuwa haramu kwake. Wiki ileile alikwenda ofisi za bima, akaambiwa kwamba kabla ya mkataba wowote atakuja mkaguzi kuiona karakana na kukadiria thamani ya vilivyomo.

Siku mkaguzi anakuja, duka lilikuwa karibu tupu. Alikuwa ameuza vizuri mwezi ule, na mbele palibaki makabati mawili, meza moja ya kulia na vumbi la mbao. Asubuhi alikwenda kuchagua mbao, akamwacha shemeji yake aangalie mlango. Huyu shemeji alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, fundi wa makochi, mtu wa roho safi na mdomo mrefu. Mama Kabati aliporudi, alisimama mlangoni akadhani amekosea duka.

Palikuwa hapapitiki. Kulikuwa na vitanda vitatu vimeegemezwa ukutani, seti nzima ya makochi mekundu, meza za kioo, rafu za viatu, na kwenye kona, kiking'aa kama kiti cha enzi, kiti cha kinyozi.

"Shemeji, nini hiki?"

"Duka lako hilo, shemeji. Karibu ndani, usiogope."

"Mimi tangu lini natengeneza makochi?"

"Tangu leo asubuhi," akadakia Msumari, muuza vitanda wa duka la jirani, aliyekuwa amejilaza kwenye kitanda chake mwenyewe kukijaribu. "Na unatengeneza vizuri sana, hongera."

"Mtu wa bima anakuja kuangalia una nini," shemeji alieleza, kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto. "Akikuta makabati mawili na vumbi, siku ukiungua atakulipa nini? Atakulipa vumbi?"

"Benki walipokuja kwangu," Msumari akasema, "nilivishwa duka mpaka nikakosa pa kusimama mimi mwenyewe. Na mkopo ukatoka."

"Umeulipa?"

"Hayo mengine, Mama Kabati. Tuzungumze ya leo."

Hakupata muda wa kubishana. Mkaguzi alikuwa tayari anapangusa viatu mlangoni. Alikuwa mwanamume wa makamo, mwembamba, msema taratibu, mwenye tochi mfukoni na macho ya kuangalia juu. Kitu cha kwanza alichotazama si fanicha bali nyaya za umeme darini. Shemeji akajipa kazi ya kumtembeza. "Seti hii ni ya kisasa kabisa, mzee. Meza hii kioo chake ni kinene. Hivi vitanda mbao yake si ya kawaida." Mkaguzi akaandika. Mama Kabati akasimama nyuma yao na mbao zake begani, kimya.

Kimya kile hakikuwa kirefu, lakini kilikuwepo, na haitakuwa haki kukificha. Aliwaza kwamba hawa watu wamebeba vitu tangu alfajiri kwa ajili yake. Aliwaza kwamba hakuna neno lolote la uongo alilosema yeye, wanasema wengine. Ndivyo mtu mwema anavyoanza kuoza, kwa kuwaachia wenzake waseme.

Kisha mkaguzi akageuka. "Mama, makochi mnatengenezea hapahapa? Sioni sponji, sioni kitambaa."

Mama Kabati akatua mbao. "Hatutengenezi. Makochi ni ya huyu shemeji yangu." Akaanza kuzunguka, akigusa kitu kimoja kimoja kwa kidole. "Vitanda vya jirani, yule anayejifanya hatusikii. Meza za kioo za duka la mbele. Rafu sijui za nani. Kiti hicho cha kinyozi wa pale kona, na nadhani sasa hivi kuna mtu ananyolewa amesimama. Vyangu ni makabati haya mawili, meza hii, mbao za nyuma na vifaa vya karakana. Basi."

Shemeji aliangalia chini. Msumari aliinuka kitandani akajifanya anatafuta kitu alichodondosha.

Mkaguzi hakukasirika. Alichora mstari juu ya alivyoandika, akakaa kwenye kiti cha kinyozi, maana ndicho kilichokuwa karibu, akaeleza. Bima si mkopo, alisema. Haitolewi kwa sura ya duka. Siku ya hasara inalipwa ile hasara yenyewe, kile kilichokuwemo na kikaharibika, basi. Ukiandikisha vitanda visivyo vyako, utavilipia ada kila mwaka, na siku ya siku hutalipwa kitanda ambacho hukuwa nacho. Na ikijulikana ulidanganya kwa makusudi, mkataba mzima unaweza kuvunjwa, na hata makabati yako mawili ya halali yakapotea bila fidia.

"Lakini vya wenzangu huwa vinalala humu kweli," Mama Kabati akasema. "Tunavishana. Wiki hii cha huyu, wiki ijayo cha yule. Na wateja huniachia viti vyao vya kutengeneza."

"Hivyo vinaandikishwa peke yake, mali ya watu iliyo chini ya ulinzi wako. Unaweka kiwango, na unalipia kidogo. Ila sharti uvitaje."

"Nitavitaja."

Akavitaja. Mkaguzi akamwagiza pia ahamishe makopo ya vanishi na ya tina ya kuyeyushia rangi mbali na mashine, nyaya za darini zibadilishwe, na awe na mitungi ya kuzimia moto. Yote aliyakubali bila neno. Wakati wanaelekea nyuma, mkaguzi akamwambia, "Mama, wengi wananiongezea hesabu. Wa kunipunguzia ni wachache sana."

Sifa zile zilimwingia Mama Kabati kama chai ya moto kwa mtu aliyenyeshewa. Na hapo ndipo alipokosea.

"Na hii mashine?" mkaguzi akauliza. "Ukienda kuinunua leo, inayofanya kazi kama hii, itakugharimu kiasi gani?"

Mama Kabati akataja bei ya baba yake.

Mkaguzi akashusha kalamu. "Kwa bei hiyo leo hupati hata mota yake."

"Ndiyo bei iliyonunuliwa. Siongezi."

"Siulizi ilinunuliwaje, mama. Nauliza ikiharibika kesho, utapata nyingine kwa kiasi gani."

"Nimekuelewa. Unataka ada ipande."

"Itapanda kidogo, sitakudanganya. Lakini nisikilize vizuri. Ukiandikisha robo ya thamani yake, basi hata ikiharibika kidogo tu, tutalipa robo ya matengenezo. Si mpaka mashine yote ife. Ni kama sisi tumebeba robo na wewe mwenyewe umebeba robo tatu."

Mama Kabati alikuwa mfanyabiashara tangu ujana wake, na sauti ya mtu anayeuza aliijua hata usingizini. Alidhani anaisikia. Tena alikuwa ametoka kusifiwa kwa kupunguza. Angewezaje dakika ileile kuongeza? "Baba yangu alitaja bei hiyo mpaka anakufa," akasema. "Siwezi kuibadilisha nyuma yake."

Mkaguzi aliandika alivyoambiwa. Chini yake akaandika kwamba amemshauri mteja na mteja amekataa, akamwomba asaini hapo. Akasaini kwa herufi kubwa, kwa fahari.

Nje, mambo yalikuwa yamechafuka. Shemeji alikuwa akipakia makochi yake kwenye mkokoteni kwa nguvu isiyohitajika. "Umenivua nguo mbele ya mgeni, shemeji."

"Nimesema kochi ni lako. Kwani si lako?"

"Ni langu! Ndiyo maana nilikupa!"

"Hukunipa. Ulinivisha."

"Haya, sasa tembea uchi," akasema, akaondoka akisukuma mkokoteni, na mto mmoja mwekundu ukadondoka njiani asiurudie.

Tangu siku hiyo hakumsemesha moja kwa moja. Asubuhi alipita mbele ya duka, akasimama, akamwambia Msumari kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, "Mwambie shemeji habari za asubuhi." Mama Kabati, akiwa hatua chache tu kutoka hapo, akajibu, "Mwambie nzuri. Na mwambie mto wake ninao." Msumari, katikati, aliwaambia kwamba akianza kuwatoza kwa kila salamu ataacha kazi ya vitanda.

Hata hivyo maisha yaliendelea vizuri. Nyaya mpya ziliwekwa, vanishi ikahamia kwenye kabati la chuma upande wa pili, na Mama Kabati aligundua kwamba analala vizuri zaidi. Alipolipa ada yake alijisikia kama mtu aliyemaliza kufua. Ikawa wateja wakimsifia kabati, naye anawaambia habari za bima, mpaka Msumari akamwuliza kama amehama kazi.

Upepo ulikuja alasiri moja ya mawingu mazito, wakati mafundi wengi wakiwa nje wanaingiza vitu ndani. Ulishika ukingo wa bati la karakana, ukalifunua kama mtu afunuavyo chungu, na mabati mengine yakafuata. Boriti moja ilikatika ikaangukia mashine ya randa. Kisha mvua ikamwagika yote ndani. Hakuna mtu aliyeumia, na hilo Mama Kabati alilisema kwanza kabla ya jingine lolote. Lakini makabati mawili ya mteja yalikuwa yamevimba kama mikate, mbao zote zimepinda, kitanda cha Msumari kilichokuwa kimemvisha duka wiki ile kimekwisha, na mota ya mashine imejaa maji. Meza ya chuma ya mashine ilikuwa na ufa.

Mkaguzi alikuja yuleyule. Safari hii hakuna shemeji wa kumtembeza. Mama Kabati alimwonyesha mwenyewe, hiki changu, hiki cha jirani, hiki kilikuwa kibovu tangu zamani usikiandike. Mkataba ulihusu moto na dhoruba, jengo pamoja na vilivyomo, na fidia haikuchelewa. Walilipa paa. Walilipa makabati na mbao, wakitoa tu ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo mkataba ulisema mwenye mali ataibeba mwenyewe. Na walilipa kitanda cha Msumari, kwa kuwa kilitajwa.

Msumari alizipokea fedha zake akazitazama kama zinaweza kuruka. "Yaani kitanda changu kimefia kwako, na nimelipwa?"

"Si mimi. Bima."

"Mama Kabati, kuna kingine hapa ungependa nikuvishe?"

"Toka."

Kuhusu mashine, mkaguzi alikuwa na karatasi ya fundi wa mota na ya mtu wa kuchomelea vyuma. Matengenezo yalikuwa ghali. Alimweleza kwamba kampuni italipa robo. Hakumkumbusha chochote. Alikuwa na adabu hiyo.

Mama Kabati alikaa juu ya rundo la mbao zilizopinda. Binti yake alikuwa amesimama pembeni, naye akitaka sana kusema, akijizuia. Mwishowe mama mwenyewe akamwambia mkaguzi, "Uliniambia."

"Nilikuambia, mama."

"Nikadhani unaniuzia."

"Wengi hudhani hivyo."

"Nilijiona mkweli kuliko wewe." Akavuta penseli kutoka kwenye kilemba, akaizungusha vidoleni. "Kumbe nilidanganya. Nilisema mashine ile ina thamani ya kiti, na mimi najua kila siku imenilisha."

Ni vizuri alilisema mwenyewe, kwa sababu ni kweli. Kukipunguza kilicho chako ni uongo uleule wa kukiongeza. Tofauti ni kwamba huu wa kupunguza unasifiwa, na kwa hiyo ni mgumu kuuona. Aliyeulizwa thamani ameulizwa ukweli wa leo. Heshima kwa marehemu ina mahali pake, na mahali pake si kwenye fomu ya bima. Kila mwenye duka anayeandikisha mali yake kwa bei ya miaka ya nyuma, awe anafanya hivyo kwa ubahili au kwa majivuno, amejikatia nusu ya bima na nusu nyingine amejiachia wazi juani.

Siku ya kuanza upya mkataba, Mama Kabati alikwenda ofisini na bei tatu za mashine ya leo kutoka kwa wauzaji watatu, akaandikisha ile ya katikati. Ada ikapanda kidogo, kama alivyoambiwa. Mashine ilirudi kazini ikiwa na mota mpya na kovu la kuchomelewa, na mgeni akifika karakana sasa anatajiwa bei mbili, ya baba na ya leo, kabla hajapewa kiti.

Na shemeji? Shemeji alisikia habari ya kitanda cha Msumari. Asubuhi moja alisimama mbele ya duka kama kawaida yake, akamtafuta Msumari wa kumtuma, akamkosa, ikabidi aseme mwenyewe.

"Huyo mtu wako wa bima... anapatikana wapi?"

"Salamu kwanza, shemeji."

"Hujambo, shemeji."

"Sijambo. Keti nikupe namba yake. Lakini akija kwako, usimwonyeshe makabati yangu."

"Nisimwonyeshe? Na mimi nilishapanga kukuazima yote!"

Wakacheka, akaketi, akanywa chai hapo mpaka wateja wakaanza kumwulizia dukani kwake.

Robo tatu ya matengenezo ya mashine ilitoka kwenye fedha ambazo Mama Kabati alikuwa amejiwekea kwa ajili ya milango ya ndani ya nyumba aliyokuwa anamalizia kujenga. Alihamia hivyohivyo. Fundi anayejulikana mji mzima kwa milango ya makabati aliishi mwaka mzima katika nyumba ya mapazia, na hiyo ndiyo gharama ya bei ya zamani.